UZI: Asantehene hana jeshi wala hatozi kodi. Kwa nini basi anatiiwa?

Mdadisi wa Rufiji
Wanajamvi, salaam. Kuna jambo ambalo limekuwa likinisumbua, na ningependa wenye ufahamu walichambue. Mfalme wa Waashanti nchini Ghana, Otumfuo Osei Tutu II, alikalia Kigoda cha Dhahabu mwezi Aprili 1999, akiwa Asantehene wa 16. Katiba ya Ghana ya mwaka 1992 haimpi askari, haimpi uwezo wa kutunga sheria, na haimruhusu kutoza kodi. Hata hivyo, mwaka 2024 makumbusho mawili makubwa ya London yalipokubali kupeleka Kumasi, makao ya ufalme wake, vitu vya dhahabu vilivyoporwa katika vita vya 1874, makubaliano yalifungwa na yeye na wala si na serikali ya Ghana. Wagombea urais nao huona ni lazima wafike kwenye kasri lake la Manhyia kabla ya uchaguzi. Dai langu ni kwamba nguvu hii ni masalia ya heshima ya zamani tu, na kwamba kizazi cha vijana wa Kumasi wa leo kitaimaliza. Anayepinga na apinge kwa hoja.

Karani Mstaafu
Kabla ya hoja, tusahihishe mambo mawili. Hakuna Asantehene anayekalia Kigoda cha Dhahabu. Siku ya kusimikwa, mfalme mpya hushushwa na kuinuliwa mara tatu juu yake bila mwili wake kukigusa, kwa kuwa inaaminika kwamba roho ya taifa zima la Waashanti imo ndani yake. Kigoda chenyewe kina mahali pake pa kuwekwa, na hata katika sherehe kubwa huonekana kwa nadra. Mwaka 1900 gavana wa Kiingereza, Frederick Hodgson, alidai aletewe kigoda hicho akikalie kwa niaba ya Malkia Victoria, na matokeo yake yalikuwa vita vilivyoongozwa na Yaa Asantewaa, mama malkia wa Ejisu.

La pili, si vitu vyote vilivyopelekwa mwaka 2024 viliporwa mwaka 1874. Vingine vilichukuliwa wakati wa uvamizi wa 1895 na 1896, na vingine vilitolewa kama sehemu ya fidia ya wakia 50,000 za dhahabu ambayo Waashanti walitozwa na Waingereza kwa Mkataba wa Fomena, baada ya vita vya 1874. Mtu anaweza kusema kwamba fidia iliyotolewa chini ya mtutu wa bunduki nayo ni uporaji, na mimi sitambishia.

Wakili Asiyevaa Joho
Mleta mada ameanza na Katiba, lakini hakuisoma hadi mwisho. Sura ya 22 yote inahusu machifu. Ibara ya 270 inalinda taasisi ya uchifu, na inakwenda mbali zaidi kwa kulizuia Bunge lisitunge sheria itakayompa mtu yeyote uwezo wa kumtambua chifu au kumnyima utambuzi. Kifungu hicho hakikuwekwa kwa bahati. Serikali ya Nkrumah, kupitia sheria ya uchifu ya mwaka 1961, ilikuwa na uwezo wa kuamua nani ni chifu na nani si chifu, na waandishi wa Katiba ya 1992 walikuwa na kumbukumbu ya jambo hilo.

Kwa maoni yangu jibu kubwa zaidi ni ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Ghana ni ya kimila, na katika nchi ya Waashanti ardhi ni ya vigoda, yaani chifu huishikilia kwa niaba ya watu wake. Hauzi umiliki wake, bali hukodisha. Ibara ya 267 inaeleza mapato hayo yanavyogawanywa: asilimia 10 huenda kwanza kwa ofisi ya msimamizi wa ardhi za vigoda, kisha kinachobaki hugawanywa asilimia 25 kwa ajili ya kigoda, asilimia 20 kwa mamlaka ya kimila, na asilimia 55 kwa halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo hatozi kodi, ni kweli, lakini nyumba, kiwanda au kanisa lililojengwa kwenye ardhi ya kigoda limesimama juu ya karatasi ambayo chifu fulani ameitia saini, na chifu huyo amekula kiapo cha utii mbele ya Asantehene.

Mama Kejetia
Asanteni kwa mada hii. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Kumasi, na watoto wangu wanazungumza Kitwi kuliko Kiswahili. Naomba nimsaidie Wakili kwa kisa kimoja, kwa sababu mgao huo wa asilimia ni mzuri kwenye karatasi, ila haugusi fedha ambazo mtu hutoa siku anapopewa kiwanja. Hizo hapa huitwa fedha za kinywaji. Zamani zilikuwa chupa ya pombe ya kumshukuru chifu na wazee; siku hizi zinaweza kukaribia bei kamili ya kiwanja, na haziingii katika hesabu ya ibara yoyote.

Shemeji yangu alitoa fedha hizo kwa chifu wa kijiji kimoja pembeni mwa jiji, akaanza msingi, kisha akatokea mtu mwingine mwenye karatasi ya kiwanja hichohicho kutoka kwa chifu huyohuyo. Ndugu walimshauri asiende mahakama ya serikali, kwani kesi za ardhi huko huzeeka pamoja na wenyewe, na shauri likapelekwa Manhyia. Lilisikilizwa mbele ya machifu wa Kumasi, pande zote mbili zikaapa, wazee wakauliza maswali ambayo hakuna wakili angeyafikiria, kwa mfano ni nani aliyelima kokoa pale kabla na ni mti gani uliokuwa mpaka. Chifu yule aliagizwa kumpa mmoja wao kiwanja kingine na kulipa kondoo na kinywaji kuwa tulizo. Shemeji hakufurahi sana, kwa sababu kiwanja alichopewa ni cha bondeni, lakini alijenga. Nawauliza, hayo ni masalia ya heshima tu?

Mdadisi wa Rufiji
Shukrani, Mama Kejetia. Hata hivyo, kisa chako kinanipa nguvu mimi. Chifu aliyeuza kiwanja mara mbili alikuwa chifu wa Asantehene. Mfalme anasifiwa kwa kuzima moto ambao watu wake wenyewe wameuwasha.

Wakili Asiyevaa Joho
Hilo ni kweli kwa kiasi, na ndiyo maana tutofautishe aina mbili za mashauri. Migogoro ya uchifu, yaani nani anastahili kigoda gani, inasikilizwa na kamati za kimahakama za mabaraza ya machifu kwa mujibu wa sheria, na rufaa hupanda hadi Baraza la Taifa la Machifu, kisha Mahakama ya Juu. Migogoro ya ardhi ni jambo jingine: mbele ya Asantehene ni usuluhishi wa kimila, ambao sheria ya mwaka 2010 ya usuluhishi mbadala inautambua, lakini hakuna anayeweza kulazimishwa kuingia humo. Osei Tutu II alipoingia madarakani mwaka 1999 aliwaita watu waondoe mashauri yao mahakamani wayapeleke Manhyia, na mamia ya mashauri yaliondolewa. Hapakuwa na askari aliyewashika mkono. Kwa nini walikwenda? Hilo ndilo swali.

Shangazi wa Tabora
Walikwenda kwa sababu ni bure na ni haraka. Msitafute siri ambapo hakuna siri.

Mama Kejetia
Shangazi, si bure. Kuna ada, kuna kinywaji, kuna nauli ya mashahidi. Na haraka inategemea mpinzani wako ni nani.

Mnyenyekevu wa Mengo
Nawasalimu kutoka Kampala. Kwetu Buganda mada hii inatugusa kwa karibu. Kasri la Kabaka, mfalme wetu, lilishambuliwa mwaka 1966, falme zikafutwa katika katiba ya 1967, kisha zikarejeshwa mwaka 1993. Katiba yetu ya 1995 inawaita viongozi wa kimila, inawakataza siasa za vyama, na inawazuia kulazimisha watu walipe chochote. Yaani kwenye karatasi Kabaka na Asantehene wanafanana mno. Tofauti ninayoiona ni kwamba ufalme wa Waashanti haukuwahi kufutwa na Waafrika wenyewe. Waingereza ndio waliomkamata Asantehene Prempeh I mwezi Januari 1896, wakamweka Elmina, kisha Sierra Leone, na mwaka 1900 wakampeleka Ushelisheli. Alirudi mwaka 1924 akiwa raia wa kawaida kwa macho ya serikali, miaka miwili baadaye akatambuliwa kuwa chifu wa Kumasi peke yake, na akafariki mwaka 1931. Mfalme aliyeondolewa na mgeni hurudi akiwa shujaa, ilhali aliyeondolewa na ndugu zake hurudi akiwa na maswali mengi ya kujibu.

Huko Ushelisheli, kwa njia, alikuwepo pia Mwanga wetu pamoja na Kabalega wa Bunyoro. Mwanga alifia kulekule mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki Jinja kabla hajafika kwao.

Mpwani Halisi
Na msimsahau Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, ambaye Waingereza walimpata Dar es Salaam mwaka 1916, na yeye pia akapitishwa Ushelisheli na Saint Helena kabla ya kumalizia maisha yake Mombasa mwaka 1927. Visiwa vile vilikuwa stoo ya Waingereza ya kuhifadhia wafalme.

Shangazi wa Tabora
Tumeanza Kumasi, sasa tuko baharini. Nahodha, geuza jahazi.

Karani Mstaafu
Nageuza, ila nabaki na hoja ya ndugu wa Mengo kwa sababu naipinga. Anasema ufalme haukufutwa na Waafrika. Haukufutwa, lakini ulikatwakatwa. Kwanza tukumbuke kwamba muungano wa Waashanti tunaouona leo ulirejeshwa na Waingereza haohao mwaka 1935, chini ya Prempeh II, kwa kuwa uliwafaa katika utawala wao wa kutumia machifu. Wapo waliowekwa ndani ya muungano ule bila kutaka, hasa watu wa Bono upande wa kaskazini-magharibi. Baadaye, katika miaka ya 1950, Kumasi ikawa makao ya chama cha National Liberation Movement, kilichoanzishwa mwaka 1954 kikiongozwa na Baffour Osei Akoto, msemaji mkuu katika baraza la mfalme, kikidai mfumo wa shirikisho. Nkrumah alijibu kwa kuwasikiliza Wabono: mwaka 1959 mkoa wa Brong-Ahafo ukakatwa kutoka Ashanti.

Kidonda hicho hakijapona. Techiman, mji wa Wabono, haikubali kwamba iko chini ya Manhyia. Chifu mkuu wa Dormaa, ambaye pia ni jaji wa Mahakama Kuu, amekuwa akilipinga hadharani dai lolote la ukubwa wa Asantehene juu ya machifu wa Bono. Kwa hiyo mleta mada anapouliza kwa nini anatiiwa, namuuliza: anatiiwa na nani, na kuanzia mpaka upi?

Kijana wa Ubungo
Samahani kwa kuingilia wazee. Jaji wa Mahakama Kuu anawezaje kuwa chifu kwa wakati mmoja?

Wakili Asiyevaa Joho
Ibara ya 276 inamkataza chifu siasa za vyama, na anayetaka ubunge sharti kwanza ajiuzulu uchifu. Lakini ibara hiyohiyo inamruhusu kushika wadhifa wa umma ambao anastahili kwa sifa zake. Ndiyo maana Ghana ina machifu ambao ni majaji, wahandisi, wahadhiri na wahasibu. Mtangulizi wa mfalme wa sasa, Opoku Ware II, alikuwa mwanasheria, na alikuwa ameteuliwa kuwa balozi nchini Italia alipochaguliwa kuwa Asantehene mwaka 1970. Osei Tutu II mwenyewe alisoma London, akafanya kazi Canada, akarudi nyumbani kuendesha biashara kabla mama yake hajamtaja.

Kijana wa Ubungo
Mama yake ndiye aliyemchagua? Huo si upendeleo wa kifamilia uliovikwa kente?

Mama Kejetia
Mwanangu, taratibu. Ukoo wa kifalme wa Oyoko unafuata upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa mfalme harithi kigoda cha baba yake. Asantehemaa, mama malkia, ndiye mwenye haki ya kutaja jina, na mwaka 1999 aliyekuwa na cheo hicho alikuwa Nana Afia Kobi Serwaa Ampem II, mama mzazi wa Osei Tutu II. Kutaja si kuteua. Machifu wa Kumasi wanaweza kulikataa jina hilo, na kwa mila anaweza kutaja hadi mara tatu kabla haki hiyo haijahamia kwao. Mama malkia pia ndiye mtu pekee mwenye kibali cha kumkemea mfalme mbele ya baraza. Alipofariki mwaka 2016, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100, jiji zima lilivaa nyekundu na nyeusi, na wakati wa mazishi yake Januari 2017 usiku watu walijifungia ndani mapema. Hakuna polisi aliyepita mitaani kwetu kutuamuru. Jirani yangu, kijana wa kompyuta asiyeamini chochote, alikuwa wa kwanza kufunga geti.

Mdadisi wa Rufiji
Huyo alifunga geti kwa hofu, Mama, na hofu si utii.

Mama Kejetia
Labda. Lakini kijana huyohuyo huenda Akwasidae bila kuitwa. Ni sherehe ya kila baada ya siku 42, siku ya Jumapili, ambapo mfalme huwakumbuka wahenga kisha hukaa chini ya miavuli kupokea machifu na wageni. Anakwenda kupiga picha, anasema, ila nimemwona akivua viatu kabla ya kusogea, kama wanavyofanya wengine wote.

Fundi Mizani
Nimesoma uzi wote, na naona mmeacha jambo lililo wazi zaidi. Mfalme huyu anatiiwa kwa sababu amejifanya kuwa mtu wa kazi ambazo serikali imeshindwa au haiwezi kuzifanya. Mwaka huohuo wa 1999 alianzisha mfuko wa elimu ambao umesomesha watoto wengi wasio Waashanti. Karibuni aliongoza mchango wa kukarabati hospitali ya Komfo Anokye, hospitali kuu ya rufaa ya Kumasi, kwa lengo la dola milioni 10.

Kubwa kuliko yote ni Dagbon, ufalme wa kaskazini mwa Ghana. Mwaka 2002 mfalme wa Wadagomba, Ya-Na Yakubu Andani II, aliuawa Yendi pamoja na watu wake kadhaa katika mapigano ya koo mbili, Abudu na Andani. Serikali ikakabidhi usuluhishi kwa kamati ya wafalme watatu: Asantehene akiwa mwenyekiti, pamoja na Nayiri wa Mamprugu na Yagbonwura wa Gonja. Ilichukua zaidi ya miaka 15. Mwishoni mwa 2018 mpango ulikubaliwa, na Januari 2019 Ya-Na mpya, Abukari II, akasimikwa. Hakuna mahakama ambayo ingeweza kutoa hukumu hiyo na pande zote zikarudi nyumbani. Wadagomba si watu wake, ardhi yao si yake, na hawaamini kigoda chake. Kwa hiyo nadharia ya ardhi ya Wakili na nadharia ya hofu ya Mdadisi zote mbili zinakwama Yendi.

Karani Mstaafu
Fundi umesema vizuri, ila Dagbon inaeleza heshima ya mtu, na haielezi nguvu ya cheo. Mfalme mwingine mwenye hasira asingeweza kuvumilia miaka 15. Historia ya cheo chenyewe ina wafalme waliotimuliwa. Kofi Karikari aliondolewa mwaka 1874 kwa kuchukua hazina kutoka kwenye makaburi ya wafalme wa Bantama, na Mensa Bonsu, aliyemfuata, akaondolewa mwaka 1883. Mimi naamini ufalme huu umedumu kwa sababu unajua kumtoa mfalme. Anayekula kiapo kwa machifu wake anajua kwamba kiapo kinafunga pande zote mbili.

Shangazi wa Tabora
Basi sisi mwaka 1963 tulifuta machifu wote kwa sheria moja, tukaokoa muda. Ingawa mwaka 2021 kule Mwanza tulimvika Rais Samia uchifu, akawa Hangaya. Sijui tulifuta nini hasa.

Mnyenyekevu wa Mengo
Mlifuta ofisi, Shangazi. Machifu wa Tanganyika wengi walikuwa wakilipwa na serikali ya kikoloni kufanya kazi ya utawala, na ofisi ikifutwa mshahara unakwisha. Manhyia ilikuwa na ardhi, koo na kigoda kabla ya mshahara.

Mkulima wa Kokoa
Naishi Obuasi kwa kazi za mgodi, na nasikitika kwamba hakuna aliyetaja galamsey, yaani uchimbaji haramu wa dhahabu. Mito Offin na Pra imekuwa rangi ya udongo. Wachimbaji hawashuki kutoka mbinguni. Mara nyingi kuna chifu aliyewafungulia njia. Asantehene amekemea mara nyingi, na wapo machifu aliowavua vigoda kwa makosa mbalimbali, lakini mitambo bado inanguruma. Nikipima utii kwa hali ya maji ya mto, na si kwa wingi wa miavuli ya Akwasidae, nashawishika kumuunga mkono mleta mada. Dhahabu inapopanda bei, kiapo kinashuka.

Fundi Mizani
Mkulima, kwa kipimo hicho hata Rais wa Ghana hatiiwi, kwa sababu ametuma wanajeshi na mitambo bado inanguruma.

Mkulima wa Kokoa
Ndivyo ninavyosema. Hatiiwi.

Mdadisi wa Rufiji
Nawashukuru wote. Sijaridhika. Mmenipa ardhi, mahakama, imani, uhamisho wa Ushelisheli, tabia ya mtu mmoja na uwezo wa kumtimua, na kila sababu imepingwa na mwenzake. Narudi kwenye swali la dhahabu ya London, ambalo hakuna aliyelijibu. Kwa nini wasaini na mfalme?

Wakili Asiyevaa Joho
Kwa sababu sheria za Uingereza, ya mwaka 1963 kwa British Museum na ya mwaka 1983 kwa Victoria and Albert, zinayazuia makumbusho hayo kutoa mali kwa kudumu isipokuwa katika hali chache, kwa hiyo yaliyowezekana ni mkopo tu: vitu 32, miaka mitatu, na uwezekano wa kuongeza mitatu. Serikali inayodai kurudishiwa mali ingepata shida kutia saini kwamba inaiazima, maana ingekuwa inakiri kwamba mali si yake. Mfalme anaweza kuipokea Manhyia bila kulifunga dai la taifa. Mkumbuke pia kwamba miezi michache kabla, Februari 2024, makumbusho ya Fowler ya Los Angeles yalirudisha vitu saba moja kwa moja, bila mkopo wowote, na hivyo pia vilikabidhiwa kwake.

Kijana wa Ubungo
Kwa hiyo aliyeporwa anaazimwa mali yake, na anashukuru?

Mama Kejetia
Nilikwenda kuviona kwenye jumba la makumbusho la Manhyia, lile ambalo Waingereza walilijenga mwaka 1925 kwa ajili ya Prempeh I na Waashanti wakasisitiza kulilipia wenyewe. Sikusikia mtu yeyote akishukuru. Mzee mmoja alimuuliza mlinzi kwa sauti ni nani atakayekuja kuvichukua muda wa mkopo ukiisha, na atapita barabara gani.

Shangazi wa Tabora
Apite ya mchana, tumwone.